Bei ya Bila Risiti

Mbotela, Nairobi
14 Machi 1999

Kwako Mwaitu Kaluki,

Pokea salamu za nyumba hii yote, wakubwa kwa wadogo. Mimi mjomba wako Muoki niko salama, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Mke wangu Wangeci anakusalimu. Anasema ile sweta uliyomtumia imewaudhi majirani, maana wiki mbili sasa hajaivua. Mimi bado nakuita Mwaitu, mama yetu, kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi, na hao Wamarekani wakikuita vingine, shauri yao. Mama yako yuko kwake kule mtaa wa Tena, anaendelea. Anakusalimu sana.

Sanduku la vinyago limeondoka wiki iliyopita. Ndani kuna vifaru, twiga na mabakuli ya mti wa mhugu. Makau, mwenyekiti wetu wachongaji pale kibandani, amevikagua kimoja kimoja na hakuna chenye ufa. Kikifika na ufa, ujue ni watu wa ndege.

Sasa nije kwa ile habari ya kodi. Umeniandikia kwamba mtu akiagiza kinyago kwenye huo ukurasa wako wa Internet, na awe ni mtu wa jimbo lako, unamwongezea kodi ya mauzo juu ya bei, naye akiona ile nyongeza anatoroka. Mwaitu, nani alikutuma uongeze? Wewe umekulia hapa. Umesahau tulivyokuwa tukienda pamoja Industrial Area kununua msasa na vanishi? Mwenye duka hata hajakusalimu, anakuuliza kwanza, na risiti au bila risiti. Na risiti, bei inapanda kwa sababu ya VAT. Bila risiti, bei inashuka na mnaagana vizuri. Wa kampuni kubwa huchukua risiti akadai kwa bosi wake. Fundi kama mimi huchukua bila.

Basi fanya hivyo hivyo. Weka bei mbili, mteja achague mwenyewe. Kumwachia mtu achague ni heshima, si wizi. Na serikali ya huko ni tajiri, haitalala njaa kwa sababu ya kinyago cha Muoki.

Oda ziendelee kuja kwa kompyuta ya Bedan, yule kijana mwenye bureau, ile ofisi ya kupiga chapa, hapa karibu na Jogoo Road. Lakini mambo ya nyumbani andika kwa kalamu, utie posta. Bedan husoma kila kitu kabla ya kunipa, na mimi nikifika kibandani nakuta wachongaji wote wana habari zangu.

Ni mimi mjomba wako,
Muoki


Columbus, Ohio
2 Mei 1999

Mpendwa Mjomba,

Nakuamkia kwa heshima, pamoja na Mama Wangeci na sweta yake. Hapa baridi imelegea, nimeanza kutembea bila kofia. Masomo ya uuguzi yananibana, na jioni bado nafanya kazi kule kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawalisha, nawageuza kitandani. Wengine wananiita kwa majina ya watoto wao, nami naitika tu.

Sanduku lilifika zima. Twiga mmoja alikuwa amevunjika sikio, nikalibandika kwa gundi, usimwambie Makau.

Mjomba, nimekusikia. Nimeandika bei mbili kwenye ukurasa, kwa herufi kubwa za rangi ya machungwa: bei na risiti, bei bila risiti. Rafiki yangu wa darasani, aliyenisaidia kutengeneza ukurasa, aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mjomba wangu alianza biashara kabla yeye hajazaliwa. Tangu siku hiyo oda zinakuja mpaka nashindwa kufunga vifurushi. Watu wanaagiza kwenye kompyuta, hundi zinafuata kwa posta, na karibu wote wanachagua ile bei ya chini. Ulisema kweli.

Sehemu yangu ya faida sili hata senti. Naiweka kando iwe nauli ya Desemba. Ni miaka minne, Mjomba. Namwota mama yangu mpaka naamka nikiwa na njaa ya isyo yake, yale mahindi na maharagwe.

Na hapo nina swali. Mama hajaniandikia tangu mwaka uanze. Kila barua inatoka kwako. Na yeye ndiye aliyekuwa hawezi kuacha nafasi hata pembeni ya karatasi, anazungusha maneno mpaka kwenye bahasha. Kuna nini?

Wako mtiifu,
Kaluki


Mbotela
11 Julai 1999

Kwako Mwaitu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Julai ya Nairobi unaijua, jua limetukimbia kabisa, na Wangeci sasa ana sababu ya kuvaa ile sweta. Tuko wazima.

Si nilikwambia? Wewe una vitabu, mimi nina biashara. Pesa ulizotuma zimefika benki na nimewagawia wachongaji mbele ya Makau, kila mtu akahesabu mkononi mwake. Tumeezeka upya kibanda, mvua sasa inanyesha nje tu. Makau anasema ukija utakaribishwa kama mbunge, ila wewe utapigiwa makofi ya kweli.

Mama yako mkono wa kulia unamsumbua kidogo. Ni hii baridi. Ndiyo maana haandiki. Wangeci huenda Tena kumfulia na kumpikia, na mimi hupitia huko nikitoka kazini. Usiwe na wasiwasi, wewe soma. Ulipouliza kuna nini, nilimsomea barua yako yote, akafurahi.

Jambo la maana ni Desemba. Hata vinyago vikikosa kuuzwa, hata mtihani ukiwa mgumu, Desemba usikose. Anataka kukuona, basi.

Natuma masanduku mawili mwezi ujao.

Muoki


Columbus
29 Agosti 1999

Mpendwa Mjomba,

Natumaini baridi imepungua na mkono wa Mama umepata nafuu. Mimi niko salama.

Barua hii ni fupi, nisamehe. Kama hujatuma yale masanduku mawili, tafadhali usiyatume. Ukurasa nimeufunga kwa muda. Mambo ya kodi yameingia na ofisi inayahesabu, na mpaka imalize siwezi kutuma pesa za mauzo ya mwisho. Waombe wachongaji wanivumilie. Hakuna kitakachopotea.

Desemba sina hakika sana. Muhula huu umekuwa na mambo. Usimwambie Mama bado.

Kaluki


Mbotela
10 Oktoba 1999

Kaluki,

Salamu. Huku tu wazima.

Barua yako nimeisoma, nikampa Wangeci akaisoma, tukaangaliana. Nikasema labda mimi ndiye sielewi mambo ya dunia ya sasa, nikaenda kwa Bedan nimuulize. Bedan akatoa gazeti akanisomea kwamba huko Amerika bunge limezuia kodi ya Internet. Limezuia, Kaluki. Imeandikwa gazetini, hata sikuhitaji miwani, alinisomea kwa sauti mbele ya watu waliokuja kupiga chapa barua za kazi. Akafungua na ukurasa wako, hakuna kitu, kweupe. Akaniambia, Mzee, hapo umechezwa.

Nimechezwa na mtoto wa dada yangu. Nilitoka pale nikapita nyuma ya nyumba, nisikutane na mtu yeyote wa kibandani.

Wachongaji hawakujui wewe. Wananijua mimi. Nikifika asubuhi wanaacha kuongea. Juzi mmoja aliuliza kama ni kweli umenunua gari. Makau amenitetea, lakini hata yeye ananitazama kwa jicho la pembeni. Kama umepata mwanamume huko wa kukulia pesa, sema. Kama ni shida, sema pia, mimi si jiwe. Lakini usiniambie kodi, wakati mwaka huu wote umekuwa ukiuza bila risiti na pesa zinakuja. Kodi imetoka wapi katikati ya mwaka? Imeniuma sana, na sitaficha.

Hayo tutagombania baadaye. La Desemba ndilo nataka unijibu. Unasema huna hakika. Kuwa na hakika. Mama yako hana haja na pesa zako, ana haja na wewe.

Muoki


Columbus
7 Novemba 1999

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu, na Mama Wangeci, na Mama yangu. Huku majani yote yameanguka.

Barua yako niliisomea kwenye kituo cha basi, nikalia mbele ya watu. Bibi mmoja mgeni kabisa alinishika bega akaniuliza kama nimefiwa. Sina mwanamume, Mjomba, na gari langu ni basi hilo hilo. Nilitaka nikae kimya mpaka hasira zishuke, zangu na zako. Lakini sasa wachongaji wananiita mwizi, basi nitakwambia yote.

Habari aliyokusomea Bedan si ya uongo, ila aliishia nusu. Bunge lilizuia kodi mpya za huko kwenye Internet kwenyewe, kwa miaka michache. Kodi ya mauzo ni ile ile ya siku zote. Mimi nikiwa hapa Ohio nikamuuzia mtu wa Ohio, awe amekuja mlangoni au ameagiza kwa kompyuta, lazima nimtoze kodi na niipeleke serikalini. Mtu wa jimbo lingine simtozi, yeye atajua na kwao. Hapo ndipo nilipopotea. Niliona wengine wanatozwa na wengine hawatozwi, nikadhani ni jambo la hiari, kama dukani Industrial Area. Na wateja wangu karibu wote ni wa hapa hapa, maana walianza kuviona vinyago kwenye meza ya kanisa letu na kwenye nyumba ya wazee, ndipo wakaingia kwenye ukurasa.

Mwanzoni mwa Agosti niliitwa kwenye ofisi ya kodi. Nilikutana na mama mmoja wa miwani, mpole, akanipa hata maji. Alikuwa amefungua ukurasa wetu kama mteja mwingine yeyote. Akageuza kioo cha kompyuta nione, akaweka kidole.

"Hii bei ya pili ni ya nani?"

"Ya yule asiyetaka risiti," nikamwambia.

"Na ni nani huyo asiyetaka risiti?"

Mjomba, wanaoiba huficha, mimi nilikuwa nimetangaza kwa herufi za rangi ya machungwa. Nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Aliniuliza bei mbili nilijifunza wapi, nikamweleza habari za msasa na vanishi, akacheka mpaka akavua miwani akaipangusa. Akasema anaona sikukusudia kudanganya. Lakini kodi yenyewe hawezi kuicheka ikaisha. Hapa muuzaji asipomtoza mteja, deni linabaki kwake. Wateja niliwaandikia barua mmoja mmoja nikiomba ile kodi. Wachache walituma na maneno mazuri. Mmoja alirudisha twiga.

Zilizobaki nimelipa mimi. Nauli ya Desemba imekwenda yote, na haikutosha, kwa hiyo muhula huu sikujiandikisha chuoni. Nafanya zamu mbili kwa wazee. Mwezi uliopita nilimaliza kulipa, wamenipa na leseni ya kuuza, na ukurasa utafunguliwa tena ukiwa na bei moja. Pesa zenu sikuzigusa. Nilizishika tu mpaka nijue hesabu ya kodi inaishia wapi, nisije nikawapa halafu nikawaomba tena. Nimezituma benki jana, nzima. Mwonyeshe Makau.

Sikulaumu. Wewe ulinishauri unavyojua, na mimi ndiye niliye hapa, nikaona aibu kuuliza. Lakini ulisema umechezwa nami. Wewe, uliyenilipia shule kwa patasi. Hilo limeniuma kuliko kodi yote.

Sasa ni zamu yako. Mimi huosha wazee, Mjomba. Najua mkono wa baridi, na najua mkono mwingine. Mkono wa baridi haumzuii mtu kuandika mwaka mzima. Nimeacha kulala kwa ajili ya hili. Niambie Mama ana nini.

Kaluki


Mbotela
12 Desemba 1999

Kwako Mwaitu,

Barua hii anaipiga Bedan kwenye kompyuta yake, nami nimekaa kando namwambia maneno. Posta itachelewa. Atayasoma yote, na asome. Watu wote wa kibandani wamekwisha jua, kwa sababu nimewaambia mwenyewe.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Wangeci alinipa chakula nikakiacha. Akaniambia aibu yangu nitakaa nayo nikishapata nafasi, kwanza twende tutafute nauli ya mtoto. Huyo ndiye mwanamke niliyeoa.

Asubuhi nikasimama kibandani nikawasomea, tangu mahali pa yule mama wa miwani mpaka mahali pa twiga aliyerudishwa. Nikasema wazo la bei mbili lilikuwa langu, na anayetaka kumtukana mwizi anitukane mimi niko hapa. Hakuna aliyenitukana. Wengine waliinama wakashika kazi zao. Makau akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza ya kusugulia vinyago, akawa wa kwanza kutia pesa ndani.

Jumapili Wangeci akaipeleka ile kofia kanisani. Mchungaji aliposimama kutangaza kwamba kuna harambee ya kumsaidia mtu aliyeko Amerika, watu waliangua kicheko. Walidhani amekosea kusoma. Tumezoea huko ndiko pesa zinakotoka. Akawaeleza. Mama anayeuza sukuma wiki langoni akasema yeye hajawahi kumsaidia Mmarekani, na leo anataka kuonja. Hata Bedan ametoa, na amesema niandike kwamba anaomba msamaha kwa ile habari ya gazeti. Ndiyo hiyo, ameiandika kwa mkono wake. Sehemu yangu ya zile pesa zako nimeiongeza humo, usibishane nami.

Tikiti imelipiwa hapa mjini, kwenda na kurudi, maana shule lazima umalize. Utaikuta kwa jina lako kwenye kaunta ya ndege huko kwenu. Unafika Jumatano tarehe ishirini na mbili, asubuhi. Mimi na Makau tutakuwa pale.

Sasa ulichouliza. Mama yako alipigwa na kiharusi mwezi wa Februari. Upande wote wa kulia ulilala. Mguu umeanza kurudi, anasimama akishikwa. Mkono bado. Maneno yanamtoka machache na kwa shida, lakini akili yake iko sawa kabisa, anajua kila kitu na anakasirika tukimwongelesha kama mtoto. Sikukuficha kwa kupenda. Siku ile hospitalini alinishika kwa mkono mzima, akasema maneno mawili tu: "Mwache asome." Nikampa ahadi. Nikakaa mwaka mzima nakuandikia uongo kuhusu baridi, huku namuomba Mungu Desemba ifike. Na wewe ulikuwa huko unauficha wako. Wangeci anasema tumefanana, mimi na wewe, na hakusema hivyo kutusifu.

Jana nilikwenda Tena kumwambia unakuja. Alilia, halafu akacheka, halafu akaanza kutoa amri. Wangeci amemsuka nywele. Amechagua gauni atakalovaa, lile la buluu. Kisha akawa anaonyesha kitanda na ukuta, kitanda na ukuta, nasi hatuelewi, akakasirika. Ikatuchukua muda. Alikuwa anataka kitanda kigeuzwe, ili upande wa uso wake uliolegea uwe ukutani, na wewe ukiingia mlangoni uanze kuona ule mwingine.

Tumekigeuza. Lakini mimi sitaki tena mtu afichwe kitu katika familia hii, ndiyo maana nakwambia mapema. Ukifika, msalimie pale alipojiweka. Halafu usogeze kile kitanda, uzunguke, ukambusu upande wa pili.

Mjomba wako,
Muoki